Noti za Baba Zilipohama

Nilipomwambia baba kwamba kompyuta yake itapona, sikumwambia kwamba nitaifuta kwanza. Hilo ndilo kosa langu, naliandika mapema nisije nikalizunguka.

Ni laptop kuukuu. Ilikuwa imefika mahali unaiwasha, unaenda kuteka maji, unarudi bado inafikiria. Mimi nilikuwa likizo nyumbani, Mutuini, na nilikuwa nimesoma habari za Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, ambao mashine nzee huubeba bila kuhema. Niliujaribu kwanza kutoka kwenye flash bila kugusa kitu ndani. Hata wewe ufanye hivyo: ukiona sauti, waifai na kibodi ziko sawa, ndipo usakinishe. Kisha nikanakili faili zote za baba kwenye flash nyingine, nikafungua picha mbili tatu kuhakikisha. Nikafuta, nikasakinisha, nikarudisha faili, nikajiona fundi.

Fundi hasa ni baba, wa umeme, kwenye maghorofa ya Kilimani. Lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia ni mwalimu wa kwaya ya kanisa. Alikuwa ametunga wimbo wa shukrani wa sauti nne, akauchapa miezi mingi kwa kidole kimoja: d, r, m, yaani do, re, mi, juu, maneno chini, kila noti juu ya silabi yake. Mazoezi yalikuwa Jumamosi, na wanakwaya walikuwa wakingoja karatasi.

Alhamisi alasiri akaufungua. Akausogeza juu, akausogeza chini.

"Mama," akaniita. Huniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mamake. "Noti zangu zimeenda wapi?"

Zilikuwepo zote, ila zilikuwa zimehama. Baba alikuwa amezipanga kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi, hadi zikakaa. Fonti aliyotumia iliondoka na mfumo wa zamani, na ile iliyochukua mahali pake ilikuwa na herufi nyembamba. Mstari mzima ulikuwa umevutwa kushoto, maneno mengine yamebaki uchi, bila noti juu.

Mama yangu alichungulia kutoka jikoni. "Si waimbe tu hivyo? Besi wataanza soprano wakiwa wameshafika nyumbani!"

Baba hakucheka. Kwa kawaida huwa anacheka kabla mama hajamaliza.

Ningehifadhi nakala moja ya PDF kabla ya kufuta, ningekuwa na mfano wa kufuata. Sikuhifadhi. Nikamweleza njia iliyobaki: tuchore jedwali, kila silabi kwenye kisanduku chake na noti juu yake, ili fonti ikibadilika tena hakuna kitakachosogea.

"Na utajua aje noti gani ni ya wapi?"

"Sitajua. Utaniimbia."

Akavuta kiti. Aliimba soprano kwa sauti ya kuchekesha, nikapanga. Akaimba tenor na besi, nikapanga. Kwenye alto akakwama. "Hii lazima niisikie pamoja na tenor. Mimi nitashika tenor, wewe soma noti uimbe alto, mama."

Noti nazijua, ila shuleni wakati wa kuimba huwa nachezesha midomo tu. Lakini wimbo huo ni mimi niliyeuvuruga, kwa hivyo nikaimba, macho yakiwa kwenye skrini. Katika ubeti wa pili akapiga meza.

"Hapana! Hiyo ni fa, wewe umeimba mi."

"Umeandika mi, baba."

Akasogeza miwani, akaangalia skrini. "Kumbe? Basi ni mimi." Akacheka sana, hadi mama akauliza kuna nini. "Rekebisha. Tangu mwanzo tena."

Tulimaliza Ijumaa adhuhuri. Nikauhifadhi wimbo kama PDF, maana hiyo hata ukiifungua kwa mashine ya mtu mwingine inabaki ilivyo. Baba akaipeleka mjini kuchapishwa na kurudi na bahasha ameikumbatia kifuani.

Jumamosi nilikaa kwenye ngazi za kanisa, nje. Walipofika ubeti wa pili nilitega sikio. Alto wakaingia pale pale tulipowaweka, na hakuna aliyesimamishwa.

Baadaye baba akatoa kichwa dirishani. "Mama, kuna alto mmoja hajaingia."

"Nani?"

"Ingia umtafute."

Sikuingia. Nilikuwa naona aibu. Lakini walipoanza tena nilihama kutoka kwenye ngazi, nikasimama chini ya dirisha lile, nikaimba sehemu yangu pole pole, na baba akaacha dirisha wazi.