Arobaini ya Stamatis Siku ya Meli

Ngano ya arobaini aliichemsha Zambeta mwenyewe, akaikausha juu ya shuka jeupe, akaichanganya na zabibu kavu na punje za komamanga. Akaifunika kwa sukari laini na kupanga lozi juu yake mfano wa msalaba. Sinia la watu themanini. Marehemu mumewe, Stamatis, alikuwa nahodha wa wapiga mbizi wanaochuma sifongo baharini kwa miaka thelathini, na nusu ya kisiwa ilikula mkate wake. Arobaini yake isingefanywa kwa kijisahani.

Jumamosi hiyohiyo ikatia nanga meli ya watalii. Abiria elfu mbili, wa kushinda tu, jioni waende zao.

Mapema asubuhi mwanawe Argyris, mwenye mkahawa bandarini, akampigia simu.

"Mama, mwambie Padri asogeze ibada hadi Jumatatu. Wenzetu wote wanafanya hivyo."

"Arobaini ni leo, mwanangu. Baba yako hakufa kwa ratiba ya meli."

"Sawa, mama, usikasirike. Nitachomoka dakika kumi. Nikiweza."

Nikiweza! Mtoto wa pekee huyo.

Padri Isidoros alingoja nusu saa, akitupia macho ngazi za kutoka bandarini. Kanisani walikuwamo mwimbaji, Zambeta, na jirani yake Kalliopi, ambaye alikuja kwa sababu miguu ilimkatalia kazi. Ndugu za marehemu walikuwa wanauza sifongo. Panagos, ambaye Stamatis alimvuta kutoka majini akiwa nusu maiti, alikuwa anakodisha pikipiki. Zambeta aliwalaani mmoja mmoja kwa majina, kimoyomoyo, huku Padri akimwombea mumewe pumziko.

Ibada ilipokwisha, sinia likawekwa mlangoni kama desturi. Anayechota hula huku akisema, "Mungu amrehemu." Kalliopi akala, akasema. Mwimbaji akala, akasema. Kisha wakatokea watalii wa kaptura, wekundu kwa jua, wakaona chakula na bibi mwenye nguo nyeusi, wakapanga foleni.

Zambeta akashika kitambaa afunike.

"Waache, Mama Zambeta," Padri akamnong'oneza. "Kuitupa ngano ni dhambi zaidi."

Akawaacha. Walipiga picha msalaba wa lozi, kisha wakauvuruga kwa vijiko. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya ukindu alirudi mara ya pili na kumwonyesha dole gumba. Walisema mengi, kwa lugha zao, na wote walikuwa na adabu. Rehema hakuna aliyemwombea Stamatis. Zambeta alisimama pale akitabasamu, na hilo la kutabasamu ndilo lililomuuma kuliko yote.

Argyris alipanda ngazi baada ya meli kuondoka, aproni ikiwa bado kiunoni.

"Walikuja watu, mama?"

"Wengi. Sinia limekwisha."

Uso wake ukakunjuka. "Si unaona? Nawe ulikuwa na wasiwasi bure."

"Hakuna hata mmoja wao aliyemjua baba yako."

Argyris akalitazama sinia tupu, akaelewa.

"Msimu wa watalii ni miezi mitano tu, mama. Tungefanyaje?"

"Hamna la kufanya. Mimi nitajitahidi nife Januari."

Argyris akangoja mama yake acheke. Zambeta alikuwa ameshainama, anaosha sinia.