Umaskini Wangu Ulivyofika Benki

Mimi kwa kulia shida sijambo. Wauza vitenge wote wa soko la Bariadi tunaijua kazi hiyo, ila mimi nilikuwa naongoza. Kila mwanzo wa mwaka, siku ya kwenda ofisi ya kodi kukadiriwa, nilivaa gauni lililopauka na kandambili zilizoshonwa kwa waya, simu kubwa nikaiacha nyumbani. Afisa akiniuliza biashara inakwendaje, namwambia pamba imeliwa na wadudu, wakulima hawana kitu, kitenge kinaning'inia dukani mpaka kinachuja rangi. Basi ananiandikia kiwango cha chini kabisa. Natoka pale nimeinamisha kichwa mpaka nikate kona, halafu naita bodaboda naenda kula kuku.

Wakija watu wa kodi wenyewe kukagua maduka, tulikuwa na utaratibu wetu. Wa kwanza kumwona mgeni mwenye faili anakohoa, wa pili anakohoa, kikohozi kinapita mstari mzima. Kikifika kwangu, majora ya vitenge yanarushwa juu ya ukuta kwa jirani yangu muuza dagaa, naye anayafunika kwa viroba. Ndiyo maana wateja wangu wa vijijini wanasema nguo zangu zina harufu ya ziwa.

Mwalimu wangu katika hayo ni mama mkwe. Ng'ombe wake hajawahi kuwaweka zizi moja. Wengine wako kwa kaka yake Mwanhuzi, wengine kwa shemeji yake Mwamanyili, na pale kwake Nkololo wamebaki wachache waliokonda, wa kuonwa na wageni. Ukimuuliza ana ng'ombe wangapi, anakutazama kama umemwambia avue nguo. Kwake yeye, mtu anayeonyesha mali yake yote hadharani hana akili timamu, na mimi nilimwelewa upesi kuliko wanawe wa kuwazaa.

Sasa mwaka jana mwenye nyumba wetu akatangaza anauza. Ni mzee mstaafu, mke wake alikuwa amefariki, na mtoto wake wa Mwanza anamwita akaishi naye. Akatuambia msimu wa pamba ukiisha anataka awe ameshauza, na sisi wapangaji ndio wa kwanza kuulizwa. Mimi nimehama nyumba za watu tangu naolewa. Kabati langu limehamishwa mpaka limebaki na mlango mmoja. Ile nyumba ina maji ndani, ina uwanja wa kuanikia, watoto wangu wote wamejifunzia kutembea kwenye baraza lake. Niliingia chumbani nikalia, na safari hiyo sikuwa naigiza.

Nikaenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Afisa mikopo alikuwa dada mmoja mpole, miwani imekaa puani. Akaniuliza kwa mwezi napata kiasi gani. Nikamwambia ukweli, nikaongeza na kidogo cha heshima. Akaandika. Kisha akaomba makadirio yangu ya kodi na stakabadhi za kulipia, ya miaka mitatu iliyopita. Nikampa. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Mama, huku umewaambia kitu kingine."

"Hiyo ni ya kodi, dada yangu."

"Ndiyo. Sisi tunaanzia hapo hapo. Mtu akija kukopa anasema anapata sana. Akienda kukadiriwa anasema hapati kitu. Benki inamwamini yule wa pili."

Akabonyeza kikokotoo chake. Kwa kipato kile, akasema, mkopo wangu ungetosha choo na bafu. Nikamsihi aje basi aone duka kwa macho yake. Akakubali, ila akasema saa hatanitajia, atakuja tu wiki hiyo.

Wiki hiyo duka langu lilijaa mpaka darini. Nikatoa hata mablanketi niliyokuwa naficha chini ya kitanda. Majirani wa karibu niliwaambia wazi, akija dada mwenye miwani, mtu asikohoe. Nikaona nimemaliza. Mama mkwe alikuja asubuhi moja kutoka Nkololo, anakwenda kupimwa macho. Akapita dukani kunisalimia, mwangaluka mayu, akaketi kwenye mkeka apumzike. Nikamwachia duka niende kutafuta chenji mtaa wa pili. Kumweleza habari za benki nilisahau, Mungu anisamehe.

Niliporudi nilimkuta dada wa benki amesimama katikati ya duka tupu. Juu kwenye misumari kulikuwa na vitenge viwili tu, tena vile vya rangi mbaya. Mama mkwe yuko mkekani, amejishika shavu, anaongea Kisukuma kwa sauti ya msibani, na muuza dagaa anamtafsiria. Mama mkwe alikuwa ameona faili, akakohoa mwenyewe, hakupata wa kumwitikia, basi akayarusha yale majora yote peke yake, mama mwenye magoti mabovu vile.

"Anasema huyu binti analala njaa," muuza dagaa akatafsiri, macho yake yananikwepa. "Anasema serikali imwonee huruma."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kueleza, nikaonyesha ukuta, nikaonyesha viroba. Dada wa benki akafunga faili taratibu.

"Mama, mimi nikienda kukagua biashara, mara nyingi ninachokikuta hakifanani na makaratasi," akasema. "Kwako kila kitu kimelingana."

Kesho yake nikavaa nguo zangu za kanisani, na hereni, nikaenda ofisi ya kodi. Nikamwambia afisa nimekuja kuongezewa. Akaweka kalamu chini, akanivutia kiti, akaniuliza kama nyumbani wote ni wazima. Nilipomtajia mauzo yangu ya kweli alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie. Wakanikadiria upya. Awamu ya kwanza nililipa hapo hapo, nikapeleka karatasi mpya benki mbio mbio.

"Vizuri sana," yule dada akasema. "Sasa lipa awamu zote, uwe na mwaka mzima wa namna hii, halafu uje."

Mwaka mzima, na msimu wa pamba ulikuwa unaishia. Ikabaki kumwangukia mwenye nyumba. Nikamkuta barazani kwake anachambua choroko. Nikamwamkia, nikamwomba anisubiri mwaka mmoja tu.

"Nikusubiri upate wapi, mama?" akaniuliza, kwa upole kabisa. "Mimi shida zako nazijua. Wewe unadhani kwa nini pango lako sijalipandisha hata siku moja? Mnunuzi aliyekuja juzi nimempa sharti asikufukuze haraka."

Ile karatasi ya kodi ilikuwa kwenye pochi yangu. Nisipoitoa, nyumba inakwenda. Nikaitoa. Mzee akatafuta miwani, akaisoma juu mpaka chini, akarudia pale penye mauzo. Aibu niliyoisikia siwezi kuilinganisha na kitu. Nilikuwa natazama choroko zake tu.

"Haya," akasema mwishowe. "Mwaka mmoja nitakusubiri. Lakini kuanzia mwezi ujao pango ni mara mbili."

Nikamshukuru, wabeja, baba, nikasimama haraka kabla hajabadili mawazo.

"Na marehemu mke wangu," akasema, bado ameishika ile karatasi, "kila mavuno alikuwa anapunguza unga wetu anakuletea. Alikuwa anasema wanao wasilale na njaa."

Nikamwambia Mungu amlaze pema. Sikumwambia kwamba unga ule nilikuwa nawapa kuku, maana sisi kwetu tulikuwa tunakula wali.