Mgomba wa Maua Uliooga Nasi

Mwezi uliopita nililala nyumba ya wageni moja pale Masasi mjini. Asubuhi nilimkuta mtunza bustani anamwagilia mgomba wa maua kwa mpira, maji yanatiririka mpaka barabarani. Nikasimama na begi mkononi. Wewe, rafiki yangu, ungepita tu. Lakini mimi nililelewa Newala na bibi mzaa mama, na mgomba kama ule niliukuza kwa maji yangu mwenyewe ya kuoga.

Bibi aliachiwa chipukizi ndani ya kopo la samli na mwalimu wa kike wa kutoka Moshi aliyepata uhamisho. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, sabuni za kunukia zimerudi madukani na sisi tumeacha kujisugulia majani ya mpapai. Bibi aliliotesha ubavuni mwa nyumba, akalizungushia wigo wa mabua, maana upepo wa kule juu mlimani kwetu huchana majani ya mgomba yakawa kama nyuzi. Akaweka samadi ya mbuzi na kutandaza majani makavu ya mkorosho. Kisha akalaza jiwe bapa kando yake na kutoa amri: wajukuu wote tutaogea juu ya jiwe lile.

"Maji ya kunywa hayataugusa hata tone," alisema. "Ya kuoga, nao upate."

Jirani yetu alishuka nasi bondeni kila alfajiri kuteka maji, tukapanda nayo kichwani, shingo zinauma. Hakumwelewa bibi kabisa. Mwalimu alishasema vindizi vya mgomba ule ni mbegu tupu.

"Mama, mgomba usiolika ni wa nini?" aliuliza siku moja, tukimenya ming'oko, vile viazi vya porini vya kiangazi.

Bibi hakuinua uso. "Jicho nalo lina njaa yake."

Kikaja kiangazi kibaya. Chemchemi ya bondeni ilipungua, tukawa tunaoga kwa zamu. Majani ya mgomba yakaungua, shina likanywea. Jirani akashauri tuukate tuwape mbuzi. Bibi aliukata kweli, karibu na ardhi, lakini kisiki akakifunika kwa majani ya mkorosho, akaniambia niendelee kuoga palepale. Nikawa nakiogea kile kisiki, wenzangu wa shule wakinicheka kwamba naosha maiti.

Mvua za kwanza ziliponyesha, likachomoza jani lililojikunja, lina michirizi myekundu. Nilipiga vigelegele peke yangu. Mwaka uliofuata ua likasimama wima, la rangi ya waridi, nyuki wamelijaa.

Msimu huo wa korosho alifika kwetu mpiga picha wa kwanza wa picha za rangi. Jirani alikuwa anamwoza binti yake. Akaja, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina ombi. Mpiga picha anasema bibi harusi apigwe picha penye mgomba wako."

Nilidhani bibi atamkumbusha maneno yake. Akasema tu, "Mleteni. Ila msikanyage machipukizi."

Bibi harusi alipofika na khanga zake mpya, aliuliza nani ameutunza vile. Bibi akanivuta mbele ya watu wote. "Huyu hapa. Ameuogea tangu hana meno ya mbele!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilisimama wima kama askari wa gwaride, na mpiga picha akaniingiza kwenye picha.

Baada ya harusi ile machipukizi yaliombwa na kila mtu, yakasafiri kwa baiskeli hadi Mkunya na Chiungutwa. Sijui kama limebaki hata moja. Bibi ametangulia mbele ya haki, na ubavu ule wa nyumba sasa ni fremu za maduka. Siku hizi ukimwelekeza mgeni kwetu unamtajia mnara wa simu. Enzi zile walisema, "Kwa bibi mwenye maua," nami nikiwasikia nilipunguza mwendo, ili kila mtu auone mlango ninaoingia.