Nilizima Kifaa Ili Nisali

Namshukuru Mungu niko hai kusimulia aibu hii. Mimi ni katekista, na kila ibada huwaambia waumini wazime simu.

Juzi niliingia peke yangu porini, mbali na kijiji chetu cha Lingeka, kutafuta ng'ombe waliopotea. Huko simu haishiki, kwa hiyo mwanangu Masanja alinipa kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Nilipoona nyayo mbichi za simba, niliamua kusali kwanza. Nilibonyeza kitufe chekundu mpaka kikalia, nikajua kifaa kimezimika, nikapiga magoti. Nilisali rozari, nikairudia mara nyingi.

Mara majani yakachakarika nyuma yangu.

"Bwana, pokea roho yangu!" nililia, nimefumba macho.

"Baba, umeumia wapi?" Alikuwa Masanja, na askari wanne wenye bunduki.

"Sijaumia. Nilizima kifaa ili nisali."

"Hicho ni kitufe cha kuomba msaada, Baba! Nyumbani wameshafunga turubai la msiba."