Punje Tatu Zamchanganya Mpokea Simu Asiyeona

Saa mbili asubuhi, Buruburu. Simu inalia. Triza Khavere anapapasa mashine iliyo mbele yake, kidole kinagusa punje ya mahindi iliyobandikwa kwa gundi. Anasita. Jana punje hii haikuwa hapa.

"Hii nayo ni ya nani, Mungu wangu?" Anabonyeza. Simu inakatika.

Triza, 34, haoni tangu utotoni. Kwa miaka minane amepokea simu za biashara tatu zinazopakana: duka la dawa la Mukami, shule ya udereva ya Wesonga na ofisi ya Ng'ang'a, muuza majeneza. Wanamchangia mshahara wa shilingi 4,500 kwa mwezi.

Mashine ya zamani aliijua kama jiko lake. Lakini mwezi uliopita, Machi 1996, ililetwa hii ya kidijitali. Vitufe vyake ni bapa, vyote sawa, na maandishi yake ni ya wenye macho.

Waajiri wakaamua kumsaidia, kila mtu kivyake. Mukami alibandika punje kwenye kitufe cha duka lake. Wesonga akabandika kwenye kitufe cha namba tano, "ndio ajue katikati ni wapi." Ng'ang'a akabandika kwenye kitufe cha kukata simu, kumwonya asikiguse. Na kila mmoja, akikuta punje asiyoielewa, huibandua.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wiki jana mama mmoja alipanda ngazi akifoka: "Nimeuliza dawa ya kikohozi, naulizwa urefu wa mgonjwa!"

Mimi mwandishi nilifumba macho, nikajaribu, nikampeleka mwanafunzi wa udereva kwenye majeneza. Tulicheka, kisha nikaona haya. Triza amepewa hadi mwisho wa mwezi. Simu zikizidi kupotea, ataajiriwa mtu anayeona.

"Sijui hata nimkasirikie nani," anasema. "Wote wananipenda. Lakini hakuna ameniuliza kidole changu huanzia wapi."

Anachotaka ni wapatane juu ya alama moja, aichague yeye, isiguswe na mtu.

Watatu hao watakutana Jumamosi saa nne kujadili mashine. Triza hakualikwa. Amejuaje, basi?

"Si mimi ndiye nilikuwa nawaunganishia simu wakipanga!" anasema. "Nitafika saa tatu unusu. Waje wanikute nimeketi."