Siku Mbuzi Alipomla Gavana Dirishani Kwangu

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa Manyoni wataitia chumvi, na kwa kweli haihitaji.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa karani kwenye ghala la ngozi karibu na stesheni, nimepanga chumba chenye dirisha la fremu tupu, kioo hakuna. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi ikiisha napenda kujilaza na kuwaza, mawazo yananibeba taratibu kama behewa lililofunguliwa kwenye mteremko, na hapo hapo mtu anayetoka kisimani anachungulia: "Karani, unaumwa?" Siumwi! Nikaweka pazia la kaniki, upepo wetu mnaujua, likawa linanipiga usoni. Nikaweka mkeka, chumba kikawa na giza kama tumbo la chungu, na gizani mimi hulala, siwazi (ni vitu viwili tofauti). Mwisho nikapika uji mzito wa mtama, nikabandikia gazeti dirishani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Gavana, nami sikutaka Gavana anitazame kitandani, kwa hiyo nikamgeuzia nje.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Ndani kulikuwa kuzuri, jamani. Mwanga ulipita kwenye karatasi ukawa na rangi ya maziwa, herufi zikalala kinyumenyume juu ya shuka, nami nikamuwaza Eliza, binti wa Mzee Chibago. Mshenga alishanifungulia njia, ila mzee alitaka kesho yake anisikie kwa masikio yake, na mimi nina kigugumizi; nikikwama mbele yake, nimemkosa Eliza. Basi nikafanya mazoezi. Nikasimamisha gunia la mtama, nikalivika kofia yangu, nikapiga magoti. Nje kulikuwa na sauti inasomasoma kitu, nikaiacha ipite kama upepo.

"Sh-shikamoo, baba."

Nikamjibia mzee mwenyewe, kwa sauti yake nzito na kile kikohozi chake cha ugoro. "Khoo! Khoo! Marahaba, kijana. Nasikia una akili sana."

"Ya ka-kawaida tu, baba."

"Khoo! Na sura unayo. Eliza mchukue, hata leo."

Kikohozi kikasikika tena, ila safari hii sikukohoa mimi. Nikafumba macho nikitabasamu, nikajisemea ndoto imekolea mpaka gunia linakohoa lenyewe.

Kumbe Saidi, fundi cherehani jirani yangu, alikuwa anawasomea watu gazeti langu! Nusu ya mtaa imekaa chini ya dirisha, na waliponisikia wakanyamaza kimya wasikose neno. Mbuzi naye alikuwa ameunusa uji. Akalamba pembeni, akang'ata, akavuta, Gavana akaondoka mzima mdomoni.

Nikafumbua macho. Vichwa vimejaa dirishani, na katikati, kibweta cha ugoro mkononi, Mzee Chibago. Mimi magotini, nimeshika sikio la gunia.

"Karani," Saidi akasema, "baba mkwe wako wa gunia mbona kanyamaza, au kavimbiwa mtama?"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mzee akangoja kiishe.

"Mimi nakohoa hivyo?"

"Ha-hapana, baba."

"Nakohoa hivyo?"

"Ki-kidogo, baba."

"Gunia limekupa Eliza. Mimi bado. Nilikuwa nasikiliza habari ya simba aliyeingia kwenye behewa pale Itigi, mbuzi kaila katikati. Simba alitokaje?"

Gazeti sikuwa nimelisoma (nililinunua kwa ajili ya dirisha). Nikafumba macho tena, na mawazo yakanibeba. Nikasema simba alinusa magunia ya nta, akakumbuka msitu wenye maua, akalala; treni ikambembeleza mpaka Manyoni, mlango ukafunguliwa, akashuka polepole, akanyoosha mgongo, akapita katikati ya abiria kama mtu aliyefika kwao.

Mzee akafungua kibweta chake.

"Uongo mtupu," mzee akasema. Akavuta ugoro. "Lakini hukugugumiza. Kesho njoo. Gunia liache nyumbani."

Siku hizi dirisha langu lina pazia zito, Eliza kashonea vijiwe kwenye pindo, upepo hauliwezi. Karatasi yenye maandishi sibandiki tena, na nikiwaza nawaza mdomo umefungwa. Ila nikijisahau nikaongea, namsikia Eliza kutoka jikoni: "Khoo! Khoo!" Nami nageuka haraka kutazama mbuzi yuko wapi.