Saluti ya Santina

Tangu aliporudi kutoka ukimbizini Zaire, Santina, mjane wa mji wa Koboko, ndiye anayemhudumia jirani yake, Mzee Tombe, askari mstaafu aliyepooza miguu. Watoto wa mzee wanaishi mjini Arua. Wanatuma salamu, eti wanashukuru!

Mzee hakubali kuogeshwa mpaka Santina asimame wima mlangoni, apige saluti: "Afande, maji iko tayari!" Kila asubuhi, mgongo ukimuuma, anapiga hiyo saluti ya upuuzi.

Juzi aliweka beseni chini, mkono ukagoma kupanda. Akasimama tu, akingoja matusi.

Mzee akaamuru: "Kuruta, mguu upande! Pumzika."

Santina akaketi sakafuni, akalia. Tangu vita, hakuna mtu mwingine aliyemwambia apumzike.